Kesi ya Mama na Ghorofa la Jirani

Biashara ziliporuhusiwa holela, nyumba za Kariakoo zilianza kubomolewa moja moja na maghorofa yakasimama mahali pake. Yetu ilikuwa ya vyumba sita, vingine tukivipangisha, na ua nyuma. Baba, aliyekuja kutoka Lindi kufanya kazi bandarini, alituachia hiyo tu.

Jirani yetu wa miaka mingi aliuza kiwanja chake. Mnunuzi akachimba msingi mpaka kwenye ukuta wetu, na chumba cha mama kikapata ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Ghorofa zilipoanza kupanda, ua haukuona jua tena. Nguo tulizoanika zilinuka ukungu.

Mama akafungua kesi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikawa naomba ruhusa kumsindikiza. Niliamini tungeshinda. Sheria ndogo za jiji zilisema mtaa wetu ni wa makazi na kwamba kila mjenzi aache nafasi mpakani, na jengo lile lilikuwa maduka chini, maghala juu.

Wakili wa mwenye jengo alisimama akasema ghorofa ya mwisho ina chumba cha mlinzi, kwa hiyo jengo lina mkazi.

Mama aliomba kusema. "Mheshimiwa, yule mlinzi kwake ni Buguruni. Pale analinda vitenge."

"Usiku analala wapi, mama?" hakimu aliuliza.

"Analala palepale."

Hakimu akaandika.

Hukumu ilisomwa kwa sauti ya upole. Sheria haikutaja wakazi wawe wangapi, na mahakama haina ruhusa ya kuongeza neno ambalo halikuandikwa. Kuhusu nafasi ya mpakani, sheria ilisema iachwe "inapowezekana", na Kariakoo, kwa jinsi ilivyobanana, haikuwezekana. Nililitazama lile neno moja nikaona ndilo lililopasua ukuta wetu.

Baada ya muda askari wa jiji walimkuta mama barazani akichoma vitumbua, kama alivyofanya tangu niko tumboni. Walimwambia hairuhusiwi kufanya biashara kwenye eneo la makazi.

"Na yale maduka?" mama aliuliza.

"Yale ni makazi, mama. Si mahakama imeshasema?" askari mmoja kijana alimjibu.

Kijana yule hakuwa anamdhihaki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimwaga mafuta mtaroni, akapakia jiko na chuma cha vitumbua kwenye gari.

Masika ilipokuja, ukuta uliopasuka ukaanguka. Wapangaji waliondoka, na mwenye ghorofa akanunua kiwanja chetu kwa bei aliyotaka yeye. Tulipokuwa tunafunga vyombo, nilimwambia mama bado tunaweza kukata rufaa.

"Ili wanisomee tena?" alisema, akaendelea kuzifunga sufuria kwa kanga.

Tulihamia Buguruni, chumba kimoja cha kupanga. Alikaa huko mpaka alipofariki, na hata siku moja hakutaka nimpeleke Kariakoo.