Mkwe Wangu Hawezi Kuniambia Hapana

Ndugu msimamizi, naomba jina langu libaki kwako. Sumbawanga ni mji mdogo na watu niliowafundisha wako kila ofisi.

Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu na mjane. Naishi na mkwe wangu, mke wa marehemu mwanangu, ambaye hapa nitamwita Skola. Mniruhusu nieleze taratibu, maana bila maelezo mtaniona mimi mkorofi au mtamwona yeye mjinga, na sivyo tulivyo.

Mwaka juzi Skola na mumewe walishuka bondeni Muze kufuata mpunga. Wakati wa kurudi, lori la fuso walilopanda lilishindwa mlima, likarudi nyuma na kupinduka. Mwanangu alifariki palepale, chini ya magunia ya mpunga. Skola alitolewa humo humo bila hata mfupa kuvunjika, watu wakasema ana bahati. Tangu siku hiyo hajapanda gari. Akisikia lori linabadilisha gia huko barabarani, anaacha anachofanya na kusimama kimya mpaka lipite. Hospitali walimpa dawa za usingizi, zikamsaidia kidogo, akaziacha.

Ndipo nikasikia kuna mafunzo hapa mjini ya kuandaa walimu wa yoga kwa watu wenye kiwewe. Kiwewe ni jeraha la ndani: tukio limeshapita, lakini mwili bado unaishi ndani yake. Yoga tuliyofundishwa si dini wala sarakasi. Mtu anakaa kwenye mkeka, ananyoosha viungo polepole, anaifuatilia pumzi yake inavyoingia na kutoka, mpaka mwili uanze kuamini kwamba hatari imekwisha. Jirani yangu aliponiona napita na mkeka kwapani aliniuliza, "Mwalimu, hata kupumua siku hizi kunasomewa?" Nilicheka naye. Moyoni nilijua naenda kwa ajili ya Skola.

Jambo kubwa tulilofundishwa ni kutomwamuru mtu. Mwenye kiwewe alinyang'anywa uamuzi siku ile ya tukio, kwa hiyo mwalimu anamrudishia uamuzi huo kidogo kidogo. Husemi "fumba macho". Unasema, "Ukipenda, fumba macho, usipopenda, yaache wazi." Nililishika somo hilo kwa bidii, kwa sababu maisha yangu yote nimefundisha kwa kuamuru, na nilijua ni nini ninachokiacha.

Kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi. Wa kwangu akawa Skola. Jioni tulitandika mikeka sebuleni, nami nikimwambia ukipenda hivi, ukipenda vile, naye akafanya yote. Hakukataa hata kimoja. Niliwasifia wenzangu maendeleo yake. Lakini alikuwa anakonda, chakula anakigusagusa tu, na vikombe vilianza kumponyoka mikononi.

Siku moja mkufunzi wetu alikuja kuniangalia ninavyofundisha. Baada ya somo alitoka na Skola, wakazungumza kwa muda karibu na jiko, kisha wakaniita. Skola akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama desturi yetu Wafipa inavyomtaka mkwe mbele ya mama, akasema akiangalia chini:

"Mama, nikifumba macho namsikia mume wangu ananiita chini ya magunia."

Nikamuuliza kwa nini hakuyaacha wazi, wakati nilimpa nafasi ya kuchagua.

"Mama akisema ukipenda, mimi nasikia fanya."

Miezi yote hiyo nilikuwa namrudisha chini ya yale magunia kila jioni, kwa sauti ya upole.

Nikamwambia tuache. Kesho yake nilirudi kutoka Misa, nikamkuta ameshatandika mikeka, anasubiri, ananiuliza amenikosea nini mpaka nimemwachisha. Nikamwambia basi, afanye huku macho yakiwa wazi. Akayakodoa mpaka machozi yakamtiririka, akiogopa kupepesa. Mkufunzi alinishauri nimtafutie mwalimu mwingine asiye mama mkwe wake. Aliye karibu yuko Mbeya, na kufika Mbeya ni lazima kupanda basi.

Kisha mama yake mzazi akaja kutoka Chala, anataka kumchukua binti yake arudi naye nyumbani kwao. Nilimuuliza Skola mbele yake kama anataka kwenda. Akajibu, "Mama akisema niende, nitaenda." Mama yake akanigeukia. "Umemsikia, mwalimu. Neno ni lako." Nikamtuma yule jirani akamuulize faragha; naye akarudi na jibu kwamba aulizwe mama, yaani mimi.

Mama yake anarudi Jumapili na gari la kukodi. Nikisema nenda, Skola atapanda gari hilo akitetemeka, na sisi wote tutasema amekubali mwenyewe. Nikisema baki, atabaki, na ataendelea kunitandikia mkeka. Nami niseme ukweli, sitaki aondoke. Ndiye pekee ndani ya nyumba hii anayekumbuka mwanangu alivyokuwa akicheka. Kwa hiyo hata sauti yangu mwenyewe siiamini ninapomuuliza. Nimejaribu kunyamaza tu, nimwachie nafasi. Ameuchukua ukimya wangu kuwa ni hasira; sasa anaamka kabla yangu na kufagia uwanja wote, hata upande wa jirani.

Nimesoma, nimefundisha, nimehitimu mafunzo haya na cheti ninacho, na bado sijui namna ya kumuuliza mtu mmoja swali moja. Ninyi mnaosoma hapa, hasa mlioolewa mkaishi na mama wakwe, nielekezeni kabla ya Jumapili. Ningekuwa mama mkwe wenu, ningefanya nini ili mniambie mnachokitaka ninyi?