Kompyuta ya Pili Ambayo Haikuwepo

Sikulazimishi uniamini, ila usicheke kabla sijamaliza. Mimi ni fundi wa kompyuta mjini Kitui, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na kazi hii imenifundisha kutoamini neno la mtu mpaka nichomoe waya nione mwenyewe. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, siku ya Jumapili. Nani alikwambia wafu hungoja giza?

Kuna shule moja ya sekondari ya kutwa upande wa Nuu. Karani wao, Nzilani, alinipigia simu akiwa karibu kulia. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imekataa mtandao, na Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kusajili watahiniwa wa kidato cha nne. Nikamwahidi nitafika Jumapili. Binti yangu Mwende, aliyeolewa mjini Wote, alikuwa ameniomba niende kwake Jumapili hiyo hiyo, kama alivyoniomba Jumapili nyingi kabla yake. Nikamjibu ninavyomjibu siku zote, kwamba kazi imeingia. Tangu baba yake afariki, kazi huingia kila ninapoalikwa mahali. Nalijua hilo, usinisute.

Nzilani alinifungulia ofisi, akaniwekea chupa ya chai na vikombe, akaenda zake kanisani. Shule nzima nikabaki peke yangu.

Nikawasha mashine, na ujumbe ukatokea: kuna kompyuta nyingine kwenye mtandao huu inayotumia anwani yako ya IP. Nikatabasamu, maana ugonjwa huu ni mwepesi. Kila kompyuta kwenye mtandao ina nambari yake. Mbili zikipewa nambari moja zinazuiana, na hakuna inayopata kuongea na wengine sawasawa. Unaitafuta ile ya pili, au unabadilisha tarakimu ya mwisho kwa hii uliyo nayo, na kazi imekwisha.

Nikaona nifanye kazi safi, niitafute ya pili. Maabara ya kompyuta ilikuwa imezimwa yote, na bado nikachomoa kila mashine kwenye umeme. Nikaizima hata hiyo ya ofisi. Kisha nikaunga laptopu yangu na kuiita ile nambari, vile mafundi tunavyofanya kujua kama kuna mashine upande wa pili.

Ikajibu.

Nikachomoa kebo kwenye laptopu yangu. Ikazidi kujibu, mstari baada ya mstari, bila haraka. Sasa nikuulize wewe, majibu yale yalikuwa yanapitia wapi?

Nilikuwa nimeinama chini ya meza nikifuata nyaya niliposikia hodi. Nikasema karibu bila kuinua kichwa. Ni mazoea tu, nani aliyelelewa vizuri asiyeitikia hodi?

Akaingia mzee mwenye sweta ya kahawia, na jua la Nuu unalijua. Viatu vyake vilikuwa safi, havina hata chembe ya vumbi. Akaketi kwenye kiti cha dirishani kama mtu aliyekizoea.

"Uvoo waku, madam," akanisalimia. "Imekusumbua wapi?"

"Kuna mashine inanijibu na siioni."

"Hiyo ni yangu. Hizi waya zote ni mimi nilivuta, na hiyo namba nilijipea mwenyewe."

"Basi nionyeshe iko wapi, mzee, tuizime."

Alitazama nje, kwenye uwanja mtupu. "Ukibadilisha namba ya ofisi, itashika tu. Na wewe unajua."

"Najua."

"Basi usimalize haraka, mama. Jumapili huku ni ndefu sana."

Utasema ningetimua mbio. Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nikammiminia chai, tukaongea. Aliniuliza marehemu mume wangu alipenda kula nini, na nikagundua hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo tangu tumzike. Nikamwambia ni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uliolala, wa kupashwa asubuhi. Akacheka, akasema hata yeye. Akanieleza juu ya kijana wake aliye mbali, jinsi yeye mzee alivyomwahidi kwamba atamtembelea kazi ikipungua. Muda huo wote nilijifanya napima nyaya nilizokwisha kuzipima. Kazi ya dakika moja nikaivuta kama mtoto anayekula polepole ili asipelekwe kulala.

"Kwani bado?" Alikuwa Nzilani, mlangoni. "Nilidhani ulienda kitambo. Jua limezama."

Kwangu mimi ilikuwa kama nusu saa. Nikatazama simu. Mwende alikuwa amepiga, akapiga tena na tena, na sikuwa nimesikia hata mlio mmoja.

"Ni huyu mzee wenu, alikuwa ananipigia stori," nikasema, nikageukia dirishani.

Kiti kilikuwa kitupu. Kikombe chake kilikuwa kimejaa vilevile nilivyokijaza, chai imeganda utando juu.

"Mzee gani?" Nzilani akauliza. "Leo hapa ni wewe tu."

Nikamweleza ile sweta. Akashika fremu ya mlango.

"Huyo ni Mwalimu Mutemi," akasema polepole. "Tulimzika kabla ya mvua. Alikuwa anakuja hapa kila Jumapili, eti kazi. Jumatatu moja asubuhi ndio nikampata kwa hicho kiti. Na kijana yake alikuwa ashamtumia hadi nauli."

Nikabadilisha tarakimu ya mwisho, na mtandao ukashika papo hapo. Kesho yake watoto wote wakasajiliwa. Nambari ya mzee sikuigusa. Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Ingeishia hapo, ningekuwa nimeshasahau. Lakini wiki hiyo hiyo, nyumbani kwangu Kitui, kwenye chumba chenye kompyuta moja tu, niliiwasha yangu nikakuta ujumbe: kuna kompyuta nyingine inayotumia anwani yako.

Dawa nimekwisha kukueleza, na nimewatibu nayo watu wengi. Yangu sijaitibu. Mwende akinipigia kwa video, picha inaganda na sauti inakatika.

"Mum, si wewe ni fundi? Mbona hutengenezi?"

"Ni network, mwanangu. Huku kwetu ni mbaya."

Mwanzoni alibishana nami. Siku hizi hupiga mara moja, na Jumapili iliyopita hakuniambia niende Wote. Nililia, sitakuficha. Kisha nikaketi mbele ya mashine, nikaiita ile nambari, na ikanijibu mstari baada ya mstari, mpaka nikasinzia hapo kwenye kiti.

Kwa hiyo wewe unayeishi peke yako, nisikilize. Ukialikwa, nenda, hata kazi iwe imerundikana. Na siku mashine yako ikikwambia kuna mwingine humo ndani na wewe, badilisha ile tarakimu saa hiyo hiyo, kabla hujamzoea.