Waya Niliyoivuta Mpaka Chini ya Kitanda

Ninyi batoto ba leo munaojua kubonyeza kila kitu chenye taa, musome hii mpaka mwisho mbele ya kunicheka. Mukisha kufika mwisho, mucheke.

Hapa kwetu Butembo tuko na panneau ya jua juu ya mabati, batri, na ile mashini inayogeuza nguvu ya batri kuwa courant, umeme wa nyumba. Fundi aliweka batri na mashini pamoja salon, akaziunga na waya nene kama kidole, fupi kama mukono wa mutoto. Akaniambia mimi nyanya ya batu, "Koko, hii hapana kusogeza."

Alipotoka, nikasogeza.

Katika nyumba yangu kitu cha maana kinalala chumbani mwangu. Sukari, chumvi, mafuta ya ngazi, yaani mawese, gunia la maharagi, vyote viko chini ya kitanda na funguo iko shingoni. Mama yangu alifanya hivyo. Batri nayo niliiona ni kitu cha maana. Nikaipeleka chini ya kitanda, nikaacha mashini salon, halafu nikaziunga na waya ya taa, nyembamba, ikapita pembeni ya mulango, hatua saba. Taa zikawaka. Nikajiona injinia.

Lakini bibi ya kijana wangu, yaani muke wake, musichana wa Beni, alikuwa na friji ndogo ya kugandisha maji ya matunda ya marakuja katika sashe, vifuko vidogo, batoto ba masomo banayapenda. Kila friji ilipoanza kunguruma, mashini ililia pii-pii na kuzimika. Marakuja ikachacha. Nikasema kuko mutu anakula courant yetu kwa siri. Na kwa sababu yule bibi ya kijana wangu ni wa Beni, na batu ba kule kwenye joto banapenda nguo iliyopigwa pasi, nikajua ni nani. Asubuhi moja alipokwenda kuteka maji nilifungua sanduku lake. Pasi ya courant ilikuwa humo, chini ya vitenge.

Nikaita kijana wangu, dada yangu, na bamama babili ba kanisa. Nikaweka pasi juu ya meza.

"Mama, ile ni zawadi ya ndoa," akasema bibi yake alipoingia. "Sijaitumia hata siku moja. Napigaka na ile ya makala ya moto, ya jirani."

"Jirani amekuzaa tangu lini?"

Dada yangu akacheka. Waya ya pasi ilikuwa ingali imefungwa na kamba ya dukani. Niliiona, na nikaendelea. Nikamwambia arudi kwa baba yake akajifunze kusema kweli. Kijana wangu akaangalia viatu vyake. Bibi yake akaenda na moto, pikipiki ya taksi, sanduku kwenye mapaja.

Siku ya tatu nikajaza friji mimi mwenyewe. Ikanguruma. Pii-pii, ikazimika. Pasi ilikuwa Beni. Nikasimama pale salon na nikajua kama si yeye.

Batoto, haya yangu inakaa hapa. Kukosea ni kitu cha dakika, lakini mimi nilikaa kimya wiki mbili. Jumapili nilikaa benchi moja na bale bamama, bakaniuliza kama mashini imepona. Nikasema ndiyo, halafu nikaimba.

Kijana wangu ndiye aliita fundi, bila kuniuliza. Fundi akatoa kipimo chake, akapima kwenye batri: volti kumi na mbili na nusu. "Batri iko muzima." Friji ikawashwa, akapima tena: kwenye batri ingali kumi na mbili, kwenye mashini kumi tu, na ikazimika.

"Ile ingine imepotelea wapi?" akasema, akifuata waya. "Koko, shika hapa."

Nikashika. Ilikuwa moto kama sufuria ya bugali.

"Nguvu inabakia humu njiani. Taa inavuta kidogo, inavumilia. Friji ikianza inavuta sana, na hii waya ni nyembamba, ni ndefu, inashindwa. Mashini inafikiri batri imekwisha, inajifunga. Nani aliunga hii?"

Kijana wangu akaniangalia.

"Ni mimi," nikasema.

"Lakini koko, nilikuambia."

"Uliniambia."

Kesho yake nikashuka Beni na kuku wawili. Baba ya yule musichana alinipa kiti. Nikakaa kwenye lile joto na jaketi yangu ya baridi ya Butembo, naona haya hata kuivua. Binti yake akatoka kwenye kakao waliyoanika. Nikamueleza habari ya waya yote.

"Mama, ulijua si mimi kisha siku ngapi tangu niende?"

Ningeweza kusema jana. "Tatu."

Baba yake akasimama, akaenda kugeuza kakao yake.

"Na bale bamama ba kanisa banajua?"

"Bado."

"Basi mama arudi na kuku zake," akasema polepole, bila hasira. "Siku banajua, nitakuja."

Nikarudi Butembo, nikaita batu bale bale, kwenye meza ile ile. Safari hii niliweka waya. Nikasema yote, na ule uongo wa benchi pia. Dada yangu hakucheka. Kijana wangu alikuwa amepiga simu Beni, akaiacha wazi juu ya meza, ili bibi yake asikie. Kwa hiyo nikaongea kwa nguvu:

"Batri irudi salon leo, karibu na mashini, na waya ya fundi. Funguo ya chumba changu mumupe yeye akifika. Na sanduku la mutu hapana kulifungua kama mwenyewe hayupo. Hata mimi."