Pikipiki Kwenye Meza Yangu ya Kukatia

Anayetaka kujua wazimu unavyoingia nyumba ya watu wazima, angekuja kuiona meza yangu ya kukatia. Mimi ni fundi cherehani na meza hiyo ndiyo kazi yangu, na kwa miezi saba ilibeba injini ya pikipiki. Injini nzima, na bakuli la nati pembeni. Nguo za watu nilikuwa nazikatia kitandani.

Mwenye injini ni mume wangu. Watu wanamwita Mita, kwa sababu miaka thelathini alisoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, juu ya pikipiki hiyohiyo. Alipostaafu ofisi ikamwachia, maana ilishakuwa chuma chakavu. Akaiegemeza ukutani uani, akasema ataifufua. Hata mwaka haujaisha, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta. Tangu hapo ni kitandani na uani, uani na kitandani, na mara moja kwa mwezi hospitali, anapakiwa kwenye teksi kama furushi.

Nikajua sasa tutawaita wanunua vyuma. Wapi. Asubuhi moja narudi kununua nyuzi, namkuta kakaa chini juu ya gunia, spana mkono wa kushoto, fremu ameibana kwa goti.

"Mama, njoo unishikie hapa."

Nikashika, na hilo ndilo lililoniponza. Mwenye mkono mmoja akianza kazi ya mikono miwili, mkono wa pili unatoka kwa mkewe. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka kucha zikaisha. Niliosha kabureta kwa petroli kwenye beseni langu la kufulia. Leo nikiitazama nati tu najua ni ya spana namba kumi au kumi na mbili, elimu ambayo sikumwomba Mungu. Gauni jeupe la mteja likapata doa la grisi kifuani. Nikashonea ua juu yake. Mteja akalisifia ua, mimi nikameza mate.

Lakini hasira yangu haikuwa ya grisi. Nilikuwa naogopa. Pikipiki, mshiko wa mafuta uko mkono wa kulia, breki ya mbele mkono wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kulia. Kila kinachomzuia mtu asife kiko upande ambao Mita hana. Nilimwambia bila kumung'unya maneno: "Siku hiki chuma kikiwaka utakipanda. Ukikipanda utaanguka. Na mimi ndiye niliyekushikia spana."

"Kila jambo na wakati wake," anasema. "Nipe bisibisi."

Kumpigia mbuzi gitaa. Nikamshitaki kwa binti yetu kwenye simu, naye ananiambia, "Mama, mwache baba, apate cha kufanya." Rahisi kusema hivyo ukiwa mbali safari ya siku mbili. Si yeye atakayemwokota barabarani.

Injini ilipotoka mezani ikarudi kwenye fremu, nikadhani tumemaliza. Ndiyo kwanza akaanza kuigeuza. Akamwita fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili, mtu mpole, mtiifu kupita kiasi. Wakashusha kiti. Wakabadilisha springi za nyuma, wakaweka fupi. Wakaukunja usukani uje nyuma, karibu na kifua. Mita ni mrefu, mlango wa bafuni anainama.

"Ukikaa hapo magoti yatakuziba masikio," nikamwambia.

Akacheka, mdomo umeenda upande mmoja. Breki hakuigusa. Mafuta aliyaacha kulia kwake. Nikamuuliza kwa nini anahangaika na kiti na kuacha vinavyoua, akaniambia nipande nikae, pikipiki isiyumbe, fundi akaze boliti. Nikapanda. Wiki ile nilipanda kama mara kumi, nashika usukani kama sanamu, na fundi anachora chini penye visigino vyangu kwa chaki yangu ya nguo. Nikamgombeza kwa ajili ya chaki.

Jumamosi ikawaka. Fundi alipiga kiki mara nne, ikatapika moshi, kisha ikatulia, inanguruma vizuri kabisa. Mita akashika fimbo yake akainuka. Mimi nikaenda nikasimama mbele ya tairi.

"Utapita juu yangu kwanza."

Fundi akamtazama. "Mzee, kumbe mama bado hujamwambia?"

"Panda," Mita akaniambia. "Mbele."

Miaka thelathini nimekaa nyuma ya mtu huyu, miguu upande mmoja. Usukani hakunigusisha hata siku moja. Alisema kwa hasira zangu ningemaliza nusu ya mji. Nikapanda. Nyayo zote mbili zikalala chini. Vidole vikaifikia klachi bila kujivuta. Mwenye macho haambiwi tazama, mimi nilikuwa na macho na miwani juu, na kazi yangu ni kupima watu.

"Miezi saba umeniacha nalia?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa ndiyo."

"Basi."

"Haya. Nitaendesha mpaka utakapopona."

Akatazama chini. "Mama, mimi sitaendesha tena. Daktari aliniambia mapema. Nilikuwa najua hata kabla sijashika spana."

Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Nilikuwa naomba kila siku chuma kile kisiwake, na kila siku nilipomwona anakaza nati kwa mkono wa kushoto nilijiambia anarudi, huyu anarudi. Sikutaka kuambiwa na mtu yeyote, na yeye ndiye aliyeniambia. Nilimwita majina ambayo sitayarudia. Alisubiri nimalize, kisha akamwomba fundi amnyanyulie mguu.

Ikazimika mara mbili hata geti hatujafika.

"Klachi iachie polepole."

"Usinifundishe."

Mara ya tatu ikaondoka. Tukatoka getini, tukafika kwenye kona, na pale uzito wake wote ukaniangukia kulia, upande uliokufa. Mkono wake wa kushoto umenikamata kiunoni, lakini mwili hauwezi kujirudisha. Nikaelewa kwamba mtu huyu hana kingine cha kujishikia. Nikikosea ataanguka kama gunia, na hilo alilijua muda wote aliokuwa akinipimia kile kiti. Nikainamia kushoto, nikamrudisha katikati, nikaendelea kumgombeza mpaka tukaingia barabara ya lami.