Mtoa Roho wa Kambini

Orrin Zelasko akitokea tu kwenye korido ya bweni, wachezaji wa mpira wa Kimarekani, majitu ya kilo mia na ishirini, wanatawanyika kama vifaranga vilivyoona mwewe. Kuna jitu moja liliwahi kujificha ndani ya hodhi la kuogea, limevuta pazia, huku linapumua kama ng'ombe. Maana kambi nzima ilijua: mzee huyu akikugongea mlango kabla ya chai, umeachwa kwenye timu. Atakwambia, "Kocha anakuita. Njoo na faili lako la mbinu." Hapohapo ndoto imekufa, funga begi urudi kwenu.

Wakambandika jina, Mtoa Roho. Wengine walimrushia chumvi akipita. Wajinga kweli! Kwani yeye ndiye anayefukuza? Yeye kazi yake kufua jezi, kung'arisha helmeti, na kubeba neno ambalo kocha mwenyewe hana ubavu wa kulibeba. Makocha wamepita pale: mmoja mkali kama pilipili, mmoja mlokole, mmoja alikuwa anaongea na mpira kama anaongea na mkewe. Wote wameondoka. Zelasko yupo.

Akilala anawaota wale aliowagongea. Wanatembea na jezi nyeupe zisizo na majina, wanaingia shamba la mahindi nyuma ya uwanja, taratibu, wala mahindi hayatikisiki. Hakuna anayemlaani. Hakuna anayegeuka.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukalala juu ya kambi nzima. Kocha Brandvold akamwita ofisini, macho yake yakiwa kwenye kikombe cha kahawa.

"Hatchett," akasema.

"Hatchett yupi?"

"Mzee, usinichezee. Lyle. Goti limekwisha."

"Kocha, baba yake nilimgongea mimi, kwenye bweni hilihilo. Na huyu tena? Tuma mtu mwingine."

"Poa. Nitamtuma yule mropokaji wa jikoni amwambie kwenye foleni ya mayai, watu wote wakisikia. Unataka hivyo?"

Zelasko alitamani kummwagia ile kahawa kichwani. Akatoka.

Chumbani kwa Lyle alimkuta mwenzake wa chumba tu, amejifunika blanketi gubigubi.

"Si mimi, babu! Sema si mimi!"

"Si wewe. Lyle yuko wapi?"

"Kafa jana. Tumeshazika."

"Acha ujinga."

Blanketi likafunuka kidogo, jicho moja likachungulia. "Yuko uwanjani. Mwache basi amalize jasho lake."

Uwanjani nguzo za goli zilining'inia juu ya ukungu kama hazina miguu. Akasikia chuma: gwa! Kimya. Gwa! Lyle alikuwa peke yake, anasukuma lile gari la mazoezi lisilo na magurudumu, lenye magodoro mbele na ubao nyuma wa kocha kusimama akipiga kelele.

"Usiseme," Lyle akasema bila kugeuka.

"Sijasema."

"Mdomo unakuwasha, nauona."

"Lyle, mwanangu..."

"Mwanao! Baba yangu ulimwitaje?"

"Nilimwita Dewey. Alikuwa ananyoa ndevu. Akamaliza shavu la pili ndipo akaniangalia."

Lyle akacheka puani, akajifuta uso kwa mkono. "Hilo la ndevu hakuniambia. Aliniambia ulimsubiri tu."

"Nilimsubiri."

"Basi na mimi nisubiri. Mara moja tu, mpaka mwisho wa uwanja. Panda hapo."

"Mimi? Nitavunjika kiuno!"

"Makocha wote wamepanda, wewe hata siku moja. Shika chuma, babu. Mtoa Roho mzima unaogopa gari?"

Zelasko akapanda. Lyle akainama, akakita bega kwenye godoro, akasukuma. Chuma kikateleza juu ya umande bila kelele, na mzee akahisi ardhi imeondoka chini yake. Ukungu ulipita masikioni kama maji. Akaona mabega mengine pembeni ya bega la Lyle, mabega ya zamani, yote yanasukuma pamoja, na Dewey katikati yao ana povu la sabuni shavuni. Hakuna aliyechoka. Alitamani uwanja usiishe.

Lakini goti lilikuwa linalia, na yeye alilisikia kila hatua. Kwenye mstari wa mwisho gari likasimama. Lyle akaning'inia kwenye godoro, anahema.

"Haya," akasema. "Sasa."

Zelasko akashuka kwanza, maana neno lile halisemwi kutoka juu. Akasimama mbele yake, akamtazama machoni.

"Lyle. Kocha anakuita. Njoo na faili lako."

"Sawa, mzee."

Lyle akamshika bega ili asilielemee goti, wakaanza kurudi polepole, na Zelasko akafupisha hatua zake zilingane na za mwenzake.