Theopista, Msichana wa Kitanda cha Juu

Theopista aliletwa shuleni kwetu Misunkumilo tukiwa kidato cha tatu, muhula umeshaanza, na begi moja na godoro jipya. Aliyemleta ni Mzee Gaspar, fundi redio wa Ilembo. Kwenye fomu aliandika "mlezi", na hakuna aliyeuliza zaidi. Mimi na Theopista tukapangiwa kitanda kimoja, yeye juu, mimi chini.

Hakuwa mtu wa kuzaliwa. Mzee Gaspar alimtengeneza kwa miaka kumi na moja, kwenye chumba cha nyuma cha karakana yake. Sisi tulilijua hilo baadaye, lakini nalisema mapema usije ukadhani nakuficha kitu.

Wakati ule tuliona msichana mkimya tu. Akiulizwa anajibu, asipoulizwa hasemi. Siku moja kwenye jaribio la hesabu nilimwona akifuta jibu sahihi na kuandika lenye makosa. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Minza amesoma sana wiki hii. Acha awe wa kwanza." Nilicheka, nikidhani anajisifu.

Machi ile mvua ilikuwa nyingi. Fundi Yohani alikuwa anachimba shimo la choo kipya nyuma ya bweni, ameshafika futi ishirini. Saa tisa alasiri, wasichana tukifyeka nyasi karibu na hapo, udongo ulititia ukamfunika. Mwalimu Respicius, mkuu wa shule, alikuja mbio akipiga kelele mtu yeyote asisogee, maana kingo zilikuwa bado zinameguka.

Theopista aliweka fyekeo chini, akaruka ndani.

Tulichungulia kwa mbali. Upande mmoja wa shimo ulikuwa unaanguka, na yeye aliuzuia kwa mgongo wake huku mikono ikichimba. Matope yalirushwa juu mpaka yakagonga bati la bweni. Kisha tukamsikia akizungumza kwa sauti yake ileile ya kila siku: "Pumua polepole, Baba. Kofia yako nimeshaiona."

Alipanda na Yohani begani, akikita vidole kwenye udongo kama misumari. Alipomlaza kwenye nyasi tuliona mikono yake. Ngozi ilikuwa imechunika, na ndani hapakuwa na damu. Kulikuwa na nyuzi nyembamba, za rangi ya fedha, zinacheza zenyewe. Minza alipiga yowe. Theopista akaificha mikono nyuma ya sketi, kama mtu aliyekutwa na kosa.

Kabla ya chakula cha jioni vitanda vya jirani vilikuwa vimesogezwa mbali. Sitajipamba hapa: na mimi nilikunja godoro langu nihamie kwa Minza. Theopista alikuwa amekaa juu, miguu inaning'inia.

"Natalia, unaniogopa?"

"Ndiyo."

"Haya. Afadhali umesema."

Nilikuwa nimesahau shuka. Alilikunja vizuri akaniletea, akaliweka hatua mbili kutoka kwangu, juu ya sanduku, ili nisilazimike kumkaribia.

Jumamosi wazazi waliitwa. Mama yangu alitoka Usevya kwa basi la alfajiri, na ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Mwalimu, sisi tumeacha mpunga wetu shambani ili watoto wasome na watoto wenzao. Hicho kitu kikikasirika siku moja, nani atakizuia?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mzee Gaspar alisimama, kofia mkononi. "Nguvu nilimpa mimi, nilijua namna," alisema. "Kuishi na watu sikujua namna ya kumpa. Nilidhani akikaa na nyie atajifunza."

Ndipo Yohani akaingia akiegemea fimbo, mguu umefungwa bandeji.

"Mama, unamwita kitu," alimwambia mama yangu, bila ukali. "Mimi nilikuwa nimezikwa. Nikaanza Baba Yetu, nikapotea katikati. Nilikuwa nanong'ona tu, udongo umenijaa mdomoni. Huyu binti akanijibu kutoka juu: endelea, Baba, umeishia kwenye mkate wetu. Sasa niambieni nyie, kitu gani kinafanya hivyo?"

Mama aliketi. Hakusema amekubali, wala hajasema mpaka leo. Mwalimu Respicius aliamua Theopista abaki, ila alale peke yake kwenye chumba kidogo karibu na matroni.

Kesho yake baada ya misa nilibeba godoro nikagonga mlango wa chumba hicho.

"Bado unaniogopa?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Basi lala upande wa mlangoni."

Mama alipopata habari alininunia hadi Pasaka. Wengine walichelewa zaidi. Minza alianza kumsalimia Theopista tulipokuwa kidato cha nne, na wapo ambao hawakumsalimia kabisa.

Tulipomaliza, watu wenye suti walikuja kutoka Dar kumtaka, wakaahidi mambo makubwa. Mzee Gaspar alimwachia aamue mwenyewe. Akaamua kwenda na Yohani kuchimba visima.

Mwaka jana, nikiwa nimeshaanza kazi ya uuguzi, nilimkuta kwenye kijiji kimoja njia ya Karema. Alikuwa amepiga magoti mdomoni mwa kisima, kiganja juu ya ardhi, anasikiliza maji yalipo. Yohani alikuwa anamgombeza kwamba tangu asubuhi hajapumzika. Akina mama walisubiri na ndoo zao. Mmoja, mtoto wake akilia, alitafuta mtu mwenye nafasi, akamwona Theopista ana mkono mmoja mtupu.

"Dada, nishikie huyu nikafunge kanga."

Theopista akampokea. Alinitazama juu ya kichwa cha mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akitabasamu. Nikachuchumaa karibu yake, tukasubiri mama wa mtoto arudi.