Kichanja cha Mianzi ya Baba

Baba aliacha kuvua mwezi ule ule wifi yangu alipohamia kwetu Bujonde, na hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake. Tatizo lilikuwa mianzi. Mianzi ya baba ya kuvulia ilikuwa inakaa sebuleni, imeegemea ukuta nyuma ya mlango, miaka nenda rudi. Wifi naye, ambaye ni nesi wa zahanati ya jirani, alikuwa anaamka alfajiri kufagia sebule hiyo hiyo kabla ya kwenda kazini.

Kwetu Wanyakyusa, mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja, anajitenga. Baba naye akijua mkwewe yuko mahali, hapiti hapo. Siku hizi wengi wamelegeza, na hata kanisani tumeambiwa si lazima. Lakini hawa wawili walichagua kuheshimiana kwa namna ya zamani, na kila mmoja alionekana kujivunia.

"Mimi wazee wa rika lake nawachoma sindano kutwa nzima," wifi aliniambia siku moja tukimenya ndizi, "tena nawaambia wageuke bila aibu. Lakini baba mkwe ni baba mkwe."

Basi kila alfajiri baba alitoka kwenye nyumba ndogo ya uani, ambako yeye na mama walikuwa wamehamia ili bibi harusi apate nafasi. Alifika nusu ya uwanja, akasikia ufagio, akageuka. Wifi alipomaliza na kuondoka, jua lilikuwa limeshapanda na samaki wa mtoni wameshaacha kula. Mianzi isingeweza kuhamia nyumba ndogo kwa sababu ni mirefu kuliko vyumba vyake. Nilijitolea kumtolea kila asubuhi. Siku ya kwanza nilinasa ndoano kwenye pazia, ya pili kwenye gauni langu mwenyewe, na baba akasema kwa upole kwamba angependa kuvua samaki, si binti yake.

Hakulalamika. Alianza tu kushinda nyumbani, akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Kaka yangu alikuwa kazini Mbeya na alikuja mwisho wa wiki tu, kwa hiyo mtu pekee aliyebaki wa kupewa ushauri ni mimi, mhitimu wa chuo nisiye na kazi. Nilishauriwa asubuhi, nikashauriwa mchana. Lakini kilichoniumiza ni kumwona amesimama katikati ya uwanja kama mgeni asiyejua mlango uko wapi. Nikaamua atarudi mtoni, na mimi ndiye nitakayemrudisha. Kilichohitajika ni kichanja cha mbao cha ukutani, nje, chini ya upenu, ambapo mianzi italala bila kupinda na yeye ataichukua bila kuingia ndani.

Watu wengine wangepigilia misumari miwili na kwenda kulala. Mimi nilipanda bodaboda kwenda Kyela mjini nikiwa nimeshika mwanzi mmoja wa kipimo, mrefu kuliko pikipiki yenyewe. Kwenye stendi ya mabasi yaendayo Mbeya wapiga debe walinishangilia.

"Dada, samaki wa mjini hawali chambo! Wanataka simu!"

Fundi seremala alikuwa mtu wa kuja, mcheshi, ametokea mkoa mwingine hata mwaka haujaisha. Alinionyesha namna tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kusimamisha: chini kibao chenye matundu, juu kibao chenye mapengo. Ilipendeza sana, lakini mianzi ya baba ingetoboa bati. Ya pili ilikuwa na mikono miwili yenye matundu ya duara, ambamo mwanzi unapenyezwa kama uzi kwenye sindano. Nikamwona baba gizani akipenyeza, uzi ukikwama, ndoano ikimtafuta kidole. Ya tatu ilikuwa vibao viwili tu vyenye mapengo yanayotazama juu, kila kimoja kinafungwa peke yake kwa skrubu, karibu au mbali kadiri ukuta unavyoruhusu. Unaweka mwanzi, unaondoka.

Niliipenda ya tatu mara moja, kwa hiyo nikaiogopa. Nikauliza kuhusu mchwa. Nikauliza kuhusu mvua. Nikauliza kama mbao za paina zitapinda na kama za mninga zitakuwa nzito kwa ukuta wa matofali ya kuchoma. Nikauliza upepo ukija kutoka ziwani utainua mianzi au utaitikisa tu. Nikamwomba apige msasa ndani ya mapengo ili uzi usikatike, akapiga. Nikapitisha kidole, nikamwomba apige tena.

"Dada," alisema, vumbi la mbao kwenye nyusi, "unachagua kichanja au mchumba?"

"Mchumba akipinda utamwambia. Ubao nitauambia nini?"

Alicheka mpaka akaweka msasa chini. Tukakubaliana mninga.

Kuhusu ukuta, nilichunguza kuta zote za nyumba kubwa. Wa mashariki una jua la kupasua mianzi. Wa upande wa ziwa unapigwa na mvua. Wa mbele unaonekana na kila anayepita barabarani, na mianzi mizuri ina marafiki wengi. Ukabaki wa nyuma: kivuli kutwa, upenu mpana, tena uko kando ya njia ya baba ya kwenda mtoni. Nilisimama pale nikitazama kivuli mpaka mama akaniuliza kama naumwa.

Fundi alikuja siku ambayo mama alikuwa sokoni, wifi zahanati na baba kwenye shamba la kakao. Alitoboa ukuta, akakaza skrubu, akaning'inia kwenye kila kibao kunithibitishia kwamba hakitang'oka. Alipoondoka niliilaza mianzi mmoja mmoja. Ilitulia kwenye mapengo kana kwamba imezaliwa humo. Nilirudi nyuma hatua kadhaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo sikuwa na wasiwasi na jambo lolote.

Baba akatokea njia ya shambani. Akaiona mianzi yake, uso mzima ukafunguka. Akaja haraka, mkono umeshanyooka. Ghafla akasimama, akatazama ukuta, akageuka na kurudi alikotoka kama mtu aliyekanyaga siafu.

Mama aliingia na kapu lake wakati bado nimeduwaa.

"Hilo dirisha ni la nani?" aliuliza.

Nikatazama. Katikati ya vile vibao viwili, chini kidogo ya mianzi, kulikuwa na dirisha lenye pazia la maua. Dirisha la chumba cha wifi. Nilikuwa nimelipima dirisha lile. Nilikuwa nimehakikisha mianzi haitazuia kulifungua.

"Umemtuma baba yako alfajiri dirishani kwa mkwewe!" mama alipiga kelele, kapu likamdondoka. "Chuo kizima hicho!"

"Mwambie mama yako apunguze sauti," ilisikika sauti ya baba kutoka ndani ya shamba la kakao. "Majirani watadhani ni kweli."

"Wewe uko wapi?"

"Sipo!"

Niliona bora nikampokee wifi barabarani, nimwambie mwenyewe kabla hajaambiwa. Njia nzima nilipanga maneno. Akilini nilimwona wifi anaondoka kwetu kwa hasira, kaka akinilaumu, baba akizeeka bila kugusa maji tena. Nilipomfikia maneno yote yalitoka kwa mkupuo, na sina hakika yalikuwa na mpangilio.

Wifi alinitazama. Kisha akachuchumaa pembeni ya barabara na sare zake nyeupe, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Wifi yangu, hivi chuo ulisomea nini?"

"Mipango."

"Mipango!" Akaanza upya, safari hii akinishika goti asianguke. Waliokuwa wakipita na baiskeli waligeuka kutuangalia.

Tulipofika nyumbani hakwenda hata kuangalia kichanja. Alipitiliza hadi chumba changu cha upande wa mbele, akafungua kabati na kuanza kutoa nguo zangu.

"Tunabadilishana vyumba," alisema. "Wewe ni binti yake. Akija dirishani kwako kuna ubaya gani?"

Nilianza kumweleza kwamba chumba changu ni kidogo, kina vumbi la barabara, kitanda chake kinalia. Alikuwa ameshabeba godoro kichwani.

"Chumba chako kiko kwenye kona, kinaingiza upepo wa ziwani. Nimekitamani tangu siku ya kwanza nikashindwa kusema, mgeni utasemaje? Shika ncha hiyo."

Usiku huo mama alikwenda kumtangazia baba mipaka mipya ya nyumba.

Kulipoanza kupambazuka nilisikia nyayo nje, kisha mkono ukipapasa ubao karibu na kichwa changu.

"Mama, umeamka?" baba aliniita kwa sauti ya chini.

"Nimeamka." Nilikuwa macho muda mrefu, nikiwaza skrubu.

"Mwambie mkwe wangu leo asinunue mboga."

Nikatoka hadi mlango wa sebule, ambako wifi alikuwa ameinama na ufagio wake bila hofu ya kukatizwa. Nikampa ujumbe.

"Mwambie ndaga fijo, ahsante sana," alisema. "Ila kambale hapana! Kambale wananuka matope!"

Nilirudi dirishani taratibu, nikitafuta namna ya kulilainisha neno hilo. Mkwe kumchagulia baba mkwe samaki? Ataelewaje?

"Baba, anashukuru sana."

Nikasikia mwanzi ukiinuliwa kutoka kwenye pengo lake, bila kukwama.

"Na kambale je?" aliuliza, na nilisikia kwamba anatabasamu. "Sauti yake imefika mpaka huku. Mwambie basi naenda hadi Itungi ziwani, kule kuna mbasa wasionuka."

Nyayo zake zikaondoka haraka kwenye njia yenye umande. Nikakimbia sebuleni kupeleka jibu, nikamkuta wifi ameshaweka ufagio kando, ananoa kisu cha samaki.